Jino lililodondoka bila mzizi

"Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka minne na miezi minane. Gego lake la chini kushoto, lile la nyuma kabisa, limetoboka. Mwezi uliopita lilimliza usiku mara tatu. Nikampa dawa ya maumivu, nikanunua na amoksilini ya maji duka la dawa, akatulia. Sasa halimuumi, ila kuna kipele kwenye ufizi, kinatumbuka halafu kinarudi. Nimempeleka kliniki. Daktari amepiga picha, akasema uambukizo umeshuka kwenye mizizi, tuchague: aisafishe mizizi na kulivika jino kofia ya chuma, au aling'oe na baadaye amwekee kifaa cha kushikilia nafasi. Mama mkwe wangu anasema tunaibiwa pesa, meno ya utoto hayana mizizi. Na ushahidi anao: dada wa huyu mwanangu, ana miaka saba, jino la mbele limemtoka juzi, tumeligeuza wote, halina mzizi hata kidogo, ni kama kigamba. Halafu mdogo wao wa miezi saba anaharisha, leo siku ya tatu, na fizi zimevimba juu pembeni. Bibi na jirani wanasema ni meno ya nailoni, na yuko mama hapa mtaani anayeyatoa. Wanasema hata hayo yakitolewa hayana mizizi. Nimechanganyikiwa. Je, meno ya utoto yana mizizi au hayana? Na kama yataanguka yenyewe, kwa nini nihangaike?"

Marahaba, mama. Pole sana, watoto watatu na mambo matatu kwa mpigo si mchezo. Nitajibu swali lako lote, lakini naanza na huyo wa miezi saba kwa sababu lake haliwezi kusubiri umalize kusoma.

Usimpeleke kwa huyo mama wa mtaani. Fizi za mtoto wako hazina ugonjwa, ugonjwa uko tumboni. Mnyonyeshe mara nyingi kuliko kawaida, mpe maji ya ORS kidogo kidogo kwa kijiko kila anapoharisha, na mpeleke kituo cha afya leo ili apimwe na aanzishiwe zinki. Kwa umri wake dozi ni miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kutakoma kesho. Ukiona macho yamezama, amelegea, hanyonyi, anatapika kila kitu, au choo kina damu, usingoje asubuhi.

Ukishalifanya hilo, rudi tukae tuzungumze mizizi.

Mama mkwe wako hajakudanganya juu ya alichokiona. Jino la mjukuu wake wa kike kweli lilitoka bila mzizi. Na hayo yanayochimbuliwa kwenye fizi za vichanga kweli hayana mizizi. Ila amelitazama jino la utoto mara mbili tu katika maisha yake, mara moja likiwa halijamaliza kujengwa na mara moja likiwa limekwisha kubomolewa. Miaka ya katikati, mizizi inapokuwa mirefu na imeshika mfupa barabara, hakuna bibi anayeiona, kwa kuwa imezikwa kwenye taya. Kijana wako yuko katika miaka hiyo ya katikati.

Jino hujengwa kinyume na nyumba. Fundi wa nyumba huanza na msingi, lakini mwili unapojenga jino huanza na paa. Chipukizi za meno ya utoto hutokea mimba ikiwa na wiki sita hivi, na kufikia mwezi wa nne wa ujauzito meno ya mbele yameshaanza kuwekewa madini. Kinachojengwa kwanza ni taji, yaani ile sehemu tunayoiona mdomoni: enameli kwa nje, dentini kwa ndani. Mtoto anapozaliwa, mataji yote 20 yameanza kujengwa ndani ya taya, mengine karibu yamalizike, mengine bado ni ncha tu. Mzizi hauna hata dalili.

Taji likikamilika, ule utando wa seli uliochora umbo lake hauishii hapo. Kingo zake huendelea kukua kwenda chini ndani ya taya, kama sketi inayoshonwa ikirefushwa pindo. Hiyo sketi ndiyo kiolezo cha mzizi. Seli zilizo upande wa ndani hutengeneza dentini kufuata umbo lake. Kisha sketi inachanika, na seli za nje zinapata njia ya kupaka tabaka jembamba gumu ambalo nyuzi ndogo sana hujishika humo upande mmoja na kwenye mfupa upande wa pili. Sketi ikiwa moja, mzizi ni mmoja, kama kwenye meno ya mbele. Ikigawanyika mbili, tunapata mizizi miwili ya magego ya chini. Ikigawanyika tatu, ni magego ya juu, ambayo mizizi yake imesimama kama mafiga.

Jino halingoji mzizi ukamilike ndipo litokeze. Hutoboa ufizi mzizi ukiwa umefika nusu au theluthi mbili ya urefu wake, na ujenzi unaendelea huku mtoto anatafuna ugali. Kwa meno mengi ya utoto huchukua mwaka mmoja au mwaka na nusu tangu jino lichomoze hadi ncha ya mzizi ifunge. Jino la mbele la chini, ambalo hutoka mtoto akiwa na miezi sita hadi kumi, mzizi wake hukamilika akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Gego la nyuma, hilo linalokuhangaisha wewe, hutoka karibu na miaka miwili au miwili na nusu, na mizizi yake hukamilika akiwa na miaka mitatu au zaidi kidogo.

Baada ya hapo kuna kipindi cha utulivu. Mzizi umetimia na hauliwi na chochote. Halafu unaanza kuyeyushwa. Jino la ukubwani linalokua chini limezungukwa na kifuko chake, na kifuko hicho hutoa ishara zinazoita seli maalumu za kula tishu ngumu. Seli hizo hung'ata mfupa na mzizi wa jino la utoto kidogo kidogo, kuanzia ncha kwenda juu. Kilichoyeyushwa hurudi kwenye mzunguko wa mwili, mtoto hamezi kitu. Kazi hiyo hufanywa kwa awamu: seli zinakula, zinapumzika, mwili unaziba kidogo palipoliwa, zinarudi tena. Ndiyo maana wazazi huniambia jino lilikuwa linacheza wiki iliyopita na leo limekaza. Mwisho linabaki taji limeshikwa na ufizi tu, mtoto analisukuma kwa ulimi, linaanguka.

Kama binti yako hajalirusha juu ya paa, nakuomba mlichukue jino lile mkae pamoja na bibi mlitazame upya. Geuzeni upande wa chini. Hamtaona sehemu laini iliyofunga kama kitako cha kikombe. Mtaona shimo lenye kingo zilizokwaruzika, zisizo sawa. Hiyo ni alama ya kuliwa. Hapo palikuwa na mzizi wa kama milimita tisa, mrefu kuliko taji lenyewe, uliosimama mzima tangu binti akiwa na mwaka mmoja na nusu hadi alipokaribia miaka mitano. Naamini bibi akioneshwa kwa heshima ataelewa haraka, maana ni mtu anayeamini macho yake.

Sasa tuhesabu umri wa gego la kijana wako. Mizizi imekamilika tangu akiwa na miaka mitatu hivi. Kuyeyuka kwake kwa kawaida huanza akikaribia saba, na jino lenyewe huanguka akiwa na miaka kumi hadi kumi na miwili. Kwa hiyo leo hii, akiwa na miaka minne na miezi minane, mizizi ya gego hilo iko kwenye urefu wake wote. Limebakiza miaka mitano au zaidi ya kazi. Ukisema "litaanguka lenyewe" kwa jino la mbele la mtoto wa miaka sita unasema kweli. Kwa gego hili ni sawa na kuacha paa livuje kwa sababu utahama baada ya miaka sita.

Kuna jambo jingine la mizizi hiyo ambalo ningependa ulijue, kwa kuwa ndilo linalonifanya nisilale nikiona vipele kama hicho. Mizizi ya magego ya utoto imepanuka kama mtu aliyetanua miguu, na nafasi iliyo katikati ya miguu hiyo si tupu. Humo ndimo linamojengwa gego dogo la ukubwani. Kwa mtoto wa umri wa mwanao, taji la jino hilo jipya liko katikati ya ujenzi, lilianza akiwa na miaka miwili na kitu na litakamilika akiwa na sita au saba. Katika meno ya utoto, sakafu ya chumba cha kiini, ile nyama laini yenye damu na neva iliyo ndani ya jino, ni nyembamba na ina vijitundu vya asili vinavyotokeza pale pale kati ya mizizi. Kiini kikifa, usaha haushuki tu hadi ncha kama kwa mtu mzima. Hupenya kwenye sakafu hiyo na kukaa juu ya jino linalojengwa. Ukikaa hapo muda mrefu, jino jipya linaweza kutoka na doa la kahawia, enameli yenye mashimo, au likapinda njia. Si kila mara hutokea hivyo, nisikutishe. Lakini ndiyo sababu kipele kwenye ufizi wa mtoto hatukiachi kikae miezi.

Na kuhusu maumivu kuisha: nasikitika kusema huko si kupona. Zile siku tatu alizolia usiku, kiini cha jino kilikuwa hai na kimevimba ndani ya chumba kisichotanuka. Kisha kikafa, na kilichokufa hakiumi. Kipele ni mlango ambao usaha umejitobolea ili utoke, na kwa kuwa unatoka, hakuna shinikizo, hakuna maumivu. Amoksilini haikuwa na nafasi ya kushinda. Dawa hubebwa na damu, na ndani ya kiini kilichokufa damu haifiki tena. Dawa hiyo ina kazi yake uambukizo unaposambaa usoni au mtoto anapokuwa na homa, ila kwa kipele kilichotulia inapunguza moto bila kuondoa kuni. Usimrudishie dozi nyingine bila kuandikiwa. Na akiumwa tena kabla ya matibabu, mpe parasetamoli kwa uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita. Usimpe aspirini, wala usimsagie na kumwekea kwenye ufizi. Nimewahi kutibu ufizi uliobabuka kwa aspirini, na kidonda kile kilimuuma mtoto kuliko jino lenyewe.

Sasa uchaguzi uliopewa. Daktari wako amekupa njia mbili halali, na hakuna wizi hapo.

Njia ya kwanza ni kusafisha mizizi. Mtoto hupigwa ganzi, mabaki ya kiini yanatolewa kwenye mizizi yote miwili, inaoshwa, kisha inajazwa dawa laini. Watu wengi hudhani ni kazi ile ile anayofanyiwa mtu mzima. Sivyo, na tofauti iko kwenye hiyo dawa ya kujazia. Mtu mzima hujazwa kitu kinachofanana na mpira mgumu, kinachokaa maisha. Mtoto akijazwa hicho, mizizi itayeyuka na mpira utabaki, utamzuia mwenzake anayekuja. Kwa hiyo sisi hutumia ute unaoweza kuyeyuka pamoja na mzizi. Aina mojawapo ya siku nyingi ni unga wa oksidi ya zinki uliochanganywa na yujenoli, mafuta yale yale yanayoipa karafuu ya Pemba harufu yake. Nyingine zina iodini. Muulize daktari anajaza nini, ni swali la haki na daktari mzuri atafurahi kuulizwa.

Juu yake inavikwa kofia ya chuma kisichoshika kutu. Najua wazazi hawapendi rangi yake. Lakini gego lililosafishwa mizizi limekuwa na pengo kubwa na kuta nyembamba, na kujaza tu mara nyingi hupasuka au kuvuja, uambukizo unarudi. Kofia hukaa mpaka jino linapoanguka lenyewe, na huanguka nalo.

Nisikufiche udhaifu wa njia hii. Mifereji ya mizizi ya magego ya utoto ni myembamba, imepindapinda, ina matawi, na hakuna mkono unaoweza kuisafisha yote. Mara nyingine uambukizo hurudi, na hapo jino hung'olewa. Mtoto lazima akubali kukaa na kufungua mdomo kwa muda, pengine kwa safari mbili. Na lazima arudi kupigwa picha baada ya miezi sita. Kama unajua kwamba baada ya leo hutaweza kurudi, mwambie daktari wazi, maana inabadilisha ushauri.

Njia ya pili ni kung'oa. Bibi aliyeona jino likitoka kwa ulimi atashangaa, lakini kung'oa gego lenye mizizi miwili mirefu iliyotanuka ni kazi inayohitaji ganzi nzuri na mkono mtulivu. Si ya kufanyiwa nyumbani kwa uzi na kitasa cha mlango. Ikitokea kipande kidogo cha ncha ya mzizi kimekatika karibu na jino jipya, daktari mwenye busara anaweza kukiacha makusudi kuliko kuchimba na kuligusa jino linalojengwa, na mwili hukiyeyusha. Akikwambia hivyo usidhani amekosea.

Tatizo kubwa la kung'oa gego hili hasa ni nafasi. Mwanao akifika miaka sita hivi, nyuma ya gego hilo litachomoza gego la kwanza la ukubwani. Watu wengi hulidhani ni la utoto kwa kuwa hakuna jino linaloanguka kulipisha. Gego hilo hutoka likiwa limeegemea mgongo wa gego la utoto lililo mbele yake, ndilo linaloliongoza. Likikuta pengo, linalala mbele na kulijaza, na gego dogo lililokuwa likisubiri chini linakosa mlango, linabaki ndani ya mfupa au linatokea upande wa ulimi. Kile kifaa cha kawaida cha kushikilia nafasi, pete yenye kitanzi cha waya, kinahitaji kuwe na jino mbele na jino nyuma ya pengo. Nyuma kwa sasa hakuna. Kwa umri wa mwanao kifaa kinachofaa ni kile chenye ulimi wa chuma unaoshuka chini ya ufizi kuelekea gego linalokuja, na si kila kliniki inakitengeneza, tena kinataka usafi na ufuatiliaji wa karibu. Kama daktari amesema kifaa kitawekwa "baadaye", muulize anamaanisha lini, na muda huo wa kungoja gego la miaka sita litazuiwaje lisisogee. Jibu linaweza kuwa zuri, ila lisikie kabla jino halijatoka.

Ungekuwa umekaa mbele yangu ningekwambia hivi: kwa jino hili, kwa umri huu, ningejaribu kwanza kuliokoa. Ila sijaiona picha, na picha ndiyo inayoamua. Mwombe daktari akuoneshe vitu vitatu. Je, mfupa kati ya mizizi umeliwa kiasi gani? Doa jeusi dogo linavumilika, doa lililomeza nafasi yote na kugusa kifuko cha jino jipya halivumiliki. Je, mizizi imeliwa na uambukizo zaidi ya theluthi moja? Uambukizo unaweza kuyeyusha mzizi kabla ya wakati wake, na mzizi uliokwisha kuliwa hauna cha kusafisha. Na je, jino limebakiza kuta za kutosha kubeba kofia? Jibu likiwa baya kwenye lolote kati ya hayo, kung'oa ndiyo huruma, na usijisikie umemkosea mtoto. Hali kadhalika kama ana tatizo la moyo la kuzaliwa, au ugonjwa wowote unaoshusha kinga, tunapendelea kung'oa kuliko kubaki na chanzo cha uambukizo. Na kama ana selimundu, mwambie daktari kabla hajagusa chochote, ili mipango ya ganzi, maji na dawa ifanywe mapema.

Kuna hali ambazo hazina kuchagua. Shavu likivimba na kuwa la moto, jicho likianza kufunga, uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, mtoto akishindwa kufungua mdomo au kumeza mate, homa ikipanda, kupumua kukiwa kwa shida: hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Muombe daktari ayatazame magego mengine pia. Sijawahi kuona mtoto wa miaka minne mwenye gego moja lililotoboka kiasi hicho na mengine saba yakiwa masafi kabisa. Kama yapo yenye matundu yasiyofika kwenye kiini, hayo yanaweza kuokolewa bila vita. Daktari Norna Hall wa Scotland alizoea kuvika kofia za chuma juu ya magego ya watoto bila ganzi na bila kuchonga, akiwafungia bakteria ndani wasipate chakula. Watafiti walipolipima jambo hilo miaka ya 2000 walikuta linafanya kazi vizuri. Ni njia inayofaa sana kwetu, penye umeme wa kukatika na watoto wenye hofu ya mashine. Ila ni kwa jino ambalo kiini chake kiko hai na halina kipele. Hili la kushoto limeshapita hapo.

Nyumbani, mswaki ushikwe na wewe. Mtoto wa miaka minne hana mkono wa kufika magego ya nyuma, na atakuwa hana mpaka afike miaka saba au minane. Asubuhi na kabla ya kulala, dawa yenye floridi kiasi cha punje ya njegere, ateme bila kusukutua kwa maji mengi. Baada ya mswaki wa usiku ni maji tu. Kama bado analala na chupa ya chai ya maziwa yenye sukari au juisi, anza na hilo kabla ya mengine yote.

Narudi kwa kichanga, kwa sababu najua bibi na jirani hawatanyamaza kwa neno la daktari peke yake, na unahitaji maneno ya kuwaambia. Uvimbe ule juu pembeni ni meno ya chonge ya utoto. Kwa miezi saba taji la chonge halijakamilika hata lenyewe, hukamilika karibu na miezi tisa, na jino hutokeza mdomoni akiwa na miezi 16 au zaidi. Ufizi hapo hutuna kwa kila mtoto duniani. Anayechimba kwa wembe, kucha au spoku ya baiskeli anakuta kitu cheupe, laini, cha kung'aa, kisicho na mzizi, anakionesha: tazama, nailoni! Ni jino la mtoto wako lililotolewa kabla halijakauka. Halina mzizi kwa kuwa ujenzi wa mzizi haujaanza.

Na nyuma ya hilo la utoto liko la ukubwani, limeanza kuwekewa madini akiwa na miezi minne au mitano. Nimeona vijana wasio na chonge hata moja, na wengine chonge zao zimetoka zimekunjamana, na mama zao hawakumbuki tena siku ile ya kuharisha. Hao ndio waliopona. Wapo waliopata pepopunda, waliotokwa na damu hadi wakaishiwa, na waliokufa kwa uambukizo wa damu. Madaktari wa meno wa Tanzania walikuwa tayari wanaandika kuhusu madhara haya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Uganda tatizo ni lile lile, huko wanayaita ebinyo.

Kuharisha katika umri huu kuna sababu zake. Kinga aliyotoka nayo kwa mama inapungua, ameanza kula uji, anatambaa, kila kitu kinakwenda mdomoni. Na kuharisha kwingi hukoma kwenyewe baada ya siku kadhaa, ndiyo maana aliyechimba fizi siku ya nne huonekana amemponya mtoto siku ya sita.

Kijana wako wa gego akishatibiwa, kitazame kile kipele. Jino likiwa limesafishwa vizuri, au likiwa limeng'olewa, kinapaswa kunywea ndani ya wiki moja au mbili. Kikibaki, au kikirudi baada ya miezi, usingoje tarehe ya picha ya miezi sita. Mrudishe kwa daktari yule yule, pamoja na picha ya kwanza, ili azilinganishe.